Mlio wa Mwisho wa Kanda ya Kitwana

Ukitaka kumjua Jitendra, mwenye duka la Sitara Redio pale Mtaa wa Narung'ombe, usimwulize habari zake. Mpelekee kanda tupu akurekodie nyimbo. Atakuvutia kiti, atakuuliza kama umekula, kisha atakaa mbele ya mashine yake mikono magotini, na wimbo ukiisha hatazima. Warekodi wengine wa Kariakoo, mwimbaji hajafunga mdomo wao wameshabonyeza kitufe, maana mteja mwingine anasonya mlangoni. Jitendra husubiri. Huhesabu kimoyomoyo mpaka thelathini, akiuacha uzi wa gitaa utetemeke hadi unyamaze wenyewe, ndipo ananyoosha kidole.

"Wimbo nao unatoka roho," huwaambia wanaomharakisha. "Uache utoke kwa amani."

Kwa tabia hiyo alipata sifa kutoka Kariakoo hadi Kivukoni. Kwa tabia hiyo hiyo alikosa usingizi mzuri kwa miaka kumi na mitatu, na habari yenyewe ndiyo hii.

Nisimpambe sana lakini. Jitendra ni mwoga. Si mwoga wa giza wala wa mbwa. Ni mwoga wa mlango kugongwa. Alizaliwa ghorofani, juu ya duka hilo hilo, mtoto wa muuza vitambaa, na tangu mdogo akiona mtu ameshika karatasi yenye mhuri, tumbo lake linapata joto. Mkewe Bhagwati, mama wa maneno machache na vicheko vingi, humtania kwamba siku Mungu aligawa mioyo, mumewe alikuwa kwenye foleni ya masikio. Kwa masikio, kweli, hakuna wa kumshinda. Anaweza kukuambia redio yako ina ugonjwa gani kabla hujaishusha begani.

Mtu mmoja tu aliweza kumsahaulisha mlango, naye ni Kitwana. Kitwana alitoka Mingoyo, kule Lindi, akaja mjini kubeba magunia sokoni. Magunia aliyabeba wiki tatu, baada ya hapo akabeba gitaa. Bendi hazikumtaka, kwa sababu hakukubali kuimba alichotungiwa na mwingine. Alitunga mwenyewe, akaimba mwenyewe, akakaa kibarazani pa Sitara Redio akiwaimbia wapita njia mambo yanayotokea majumbani mwao wenyewe, mpaka wengine wakageuka kuuliza nani kamwambia. Alikunywa chai kutoka chupa moja na Jitendra. Bhagwati akipika chapati alihesabu na za Kitwana. Wale wawili, Mhindi wa Narung'ombe na Mmwera wa Mingoyo, walipendana kama ndugu waliochaguana wenyewe.

Ikaja themanini na tatu. Waliokuwepo wanaujua mwaka ule. Rafu za maduka zilikuwa tupu, sabuni ilitafutwa kama dawa, na misako miwili ilipita mitaani kwa zamu: mmoja wa kuwasaka wafanyabiashara walioficha bidhaa, mwingine wa kuwakamata wasio na kazi ili wakalime mashambani. Asubuhi ungekuta kule bonde la Jangwani madumu ya mafuta na redio mpya ndani ya maboksi yake, watu wamezitupa kwa woga. Jitendra hakutupa. Alikuwa na makasha matatu ya kanda tupu, aliyoletewa na baharia mmoja, akayaficha chini ya kitanda cha chumba cha nyuma. Kwake kutupa kanda kulikuwa sawa na kutupa mtoto. Ushujaa wake wote wa mwaka ule uliishia hapo, na afadhali asingekuwa nao.

Alasiri moja ya mwezi wa kumi na moja, Kitwana alikaa juu ya kitanda hicho, Jitendra akawasha mashine kubwa ya magurudumu mawili, na nyimbo nane zikaimbwa bila kupumzika. Ya nane iliitwa "Lala Nakuja". Kitwana alimtungia binti yake Sabaha, wa miaka saba, ambaye alikuwa halali mpaka baba arudi kutoka kwenye kuimba kwake. Ubeti wa mwisho ulipoanza, mlango wa mbele ukagongwa.

Jitendra alitoka akaiacha mashine inazunguka. Nje ya pazia walisimama wakaguzi wawili wenye daftari. Waliuliza kuna nini huko nyuma. Huko nyuma kulikuwa na makasha matatu, na makasha matatu mwaka ule yalikuwa jela. Ulimi wake ukamtangulia. Akawaambia hakuna mali, kuna mtu tu, tena hana kazi wala kitambulisho. Alisema akitabasamu, kwa kuwa hofu ya Jitendra ina tabia hiyo mbaya, humfanya atabasamu. Wakaingia, wakatoka na Kitwana. Chini ya kitanda hawakuinama.

Alipopita dukani, Kitwana alimtazama rafiki yake, akasema tu, "Gitaa nimeliacha kitandani."

Lori lilikuwa linasubiri Mnazi Mmoja. Miezi miwili baadaye zikaja habari kwamba homa imemchukua huko shambani, na ameshazikwa.

Msiba ulipoisha, watu waliomjua waliomba nyimbo zake. Jitendra, akiwa kama mtu aliyepigwa na jua, aliketi akawarekodia kanda ishirini kutoka ile ya kwanza, na kwa mazoea yake aliiacha mashine iende mpaka mwisho. Ni baada ya kanda ya ishirini kuondoka ndipo alipogundua kuna kitu baada ya wimbo wa nane. Alivaa visikizio, akaongeza sauti, akasikia maneno yake mwenyewe ya kwanza: "Mali hakuna." Akavivua kama vimemuunguza, wala hakusikiliza tena. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Kutoka kanda zile ishirini zilirekodiwa mia, kutoka mia maelfu, kila nakala ikiwa na uvumi, ule mvumo wa kanda, zaidi kuliko mama yake. Kwenye nakala hizo mwisho wa "Lala Nakuja" ulikuwa ni ukungu wa sauti tu: mtu anaguna, mlio wa kitu kinaburutwa, mlango. Hakuna aliyeweza kulitambua neno hata moja. Hilo ndilo lililomwokoa Jitendra. Uvumi ule, ambao kila fundi mwenye heshima zake huuchukia, yeye aliuombea dua uishi.

Alijifariji na jambo jingine pia. Gitaa lilikuwa linalia, aliwaza, na pazia lilikuwa zito. Kitwana hakusikia. Alikufa akidhani wakaguzi wamemkuta kwa bahati mbaya. Jitendra aliliwaza hilo kila asubuhi kabla ya kufungua duka, na ile kanda ya kwanza akaifungia kwenye kabati la bati, chini ya rafu ya miungu.

Sabaha alilelewa na shangazi yake Mtaa wa Likoma, maana mama yake alirudi Lindi. Kila Januari Jitendra alimpelekea sare ya shule na viatu. Mtaa mzima ukamsifu: angalieni Mhindi mwenye utu. Sifa hizo zilimchoma kuliko matusi. Na mtoto, kwa kuwa alifundishwa adabu, alimwita baba mdogo. Alikuwa akikaa miguuni pake dukani baada ya shule, akitazama magurudumu yakizunguka. Jitendra alimfundisha mengi. Alimwonyesha vile vipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kila kanda.

"Ukiipenda kanda," alimwambia, "vivunje hivi. Mashine haitaweza tena kurekodi juu yake. Hata ukikosea, hata ukitaka."

Mtoto alivunja vya kanda ya baba yake siku hiyo hiyo.

Miaka ikaenda, mambo yaliyokatazwa yakawa ruksa. Mpaka tisini na sita Kariakoo ilikuwa imefurika kiasi kwamba hujui duka linaanzia wapi na barabara inaishia wapi. Na kanda tupu, zile zile ambazo Jitendra alimtoa rafiki yake ili zisionekane, machinga walizipanga chini kwa mafungu kama nyanya. Moja ilidondoka mbele ya Sitara Redio mvua ikinyesha, na hakuna aliyejisumbua kuinama. Jitendra aliitazama kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, ikikanyagwa. Mwishowe aliiokota, akaifuta kwa shati lake, hakujua aiweke wapi.

Balaa liliingia kwa njia ya usafi. Kila mwaka kabla ya Diwali, nyumba za Wahindu hupekuliwa hadi pembe ya mwisho, kila kabati linatolewa nje na kila chombo kinafutwa, kwa kuwa neema haiingii penye vumbi. Bhagwati ndiye mwenye funguo za rafu ya miungu. Mwaka huo alifungua na kabati la chini yake, akakuta kanda ya Kitwana. Na mwaka huo mgeni wao alikuwa Vivek, mtoto wa dada yake Jitendra, kijana anayefanya kazi ya kurekodi muziki huko Leicester, Uingereza. Bhagwati alimpa ile kanda kwa siri, ili wampe mzee furaha ya ghafla. Alimwambia mumewe baada ya ndege kuruka.

"Vivek ataisafisha, Baba Hinal," alisema akicheka, akimwita kwa jina la binti yao kama ilivyo desturi ya wake wa rika lake. "Itatoka upya, kwenye zile sidii zinazong'aa. Kitwana atasikika kama yuko sebuleni."

Jitendra alitabasamu. Bhagwati, aliyeishi na tabasamu hilo miaka thelathini na zaidi, alidhani ni furaha.

Kuanzia siku hiyo Jitendra akawa mgonjwa asiye na ugonjwa. Mteja akiingia kwa kishindo, yeye alikuwa ameshasimama, funguo mkononi. Habari zilikuwa zimeenea Narung'ombe yote, na kila mtu alikuwa na la kusema kuhusu Kitwana anayefufuka. Sabaha, sasa mwanamke wa miaka ishirini, fundi cherehani mwenye meza yake kibarazani Mtaa wa Kongo, alipita kila alasiri akitoka kazini.

"Shikamoo baba mdogo."

"Marahaba mwanangu."

"Imefika?"

"Bado."

"Mimi hata kula siwezi," Sabaha alisema siku moja, akacheka. "Tumbo joto tupu."

"Hata mimi," alijibu Jitendra, na kwa mara ya kwanza katika jambo hilo alikuwa amesema kweli.

Halafu ikaja barua. Vivek aliandika kwa Kigujarati, mwandiko wa haraka. Alisema kompyuta yao inaondoa ule uvumi wote unaofanana na mlio wa mafuta ya kukaangia. Alisema mjomba atashangaa: kunguru wa juu ya bati anasikika, Kitwana anavyovuta pumzi kabla ya kuimba anasikika. Na mwishoni kabisa, aliandika, kuna watu wanaongea, nadhani ni nje ya chumba. Nikipata nafasi nitawasafisha na wao.

Jitendra aliisoma barua amesimama. Alipofika kwenye watu wanaoongea, alikaa bila kutazama, juu ya redio ya mteja. Ilivunjika mkono wa kushikia. Hakuiona.

Akilini alimwona Sabaha tu. Alimwona anavyosikiliza, kichwa upande, kama alivyokuwa akisikiliza alipokuwa mdogo, kisha anavyogeuka kumtazama. Alijiuliza atasema nini. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema watu, nami naongeza kwamba hawazungumzii mateso ya kuzihesabu. Jitendra alizihesabu. Akimwona Sabaha kwa mbali anakuja, alijifanya anatafuta kitu chini ya meza ya duka, mtu mzima wa miaka sitini, amechuchumaa kati ya nyaya na vumbi, akisikiliza nyayo zake.

Hatimaye alipiga simu Ulaya. Bhagwati alikuwa anachambua mchele pale pale mezani, na hakukuwa na namna ya kumwondoa.

"Vivek? Mjomba hapa. Sikiliza. Wimbo wa nane ukiisha, kata. Usiache chochote baada ya uzi wa mwisho."

Sauti ya kijana ilichelewa kufika, kisha ikaja na mshangao ndani yake. "Lakini mjomba, ni wewe uliyenifundisha kusubiri mpaka thelathini."

"Nimesema kata!"

Simu ikakwaruza. Vivek alisema kitu, labda sawa, labda siyo, kisha laini ikakatika. Jitendra alipiga tena mara tatu, haikuingia.

Bhagwati alikuwa ameacha kuchambua. "Tangu lini wewe unakata?" aliuliza.

"Siku hizi watu hawana subira," akasema Jitendra. Mkewe aliinamia mchele wake, lakini hakucheka.

Kifurushi kilifika Jumamosi, saa tisa alasiri. Kingefika asubuhi, Jitendra angekisikiliza peke yake kwanza, na labda ningekuwa sina cha kusimulia. Lakini Bhagwati ndiye aliyekwenda kukichukua posta, na akirudi akapita Mtaa wa Kongo kumwambia Sabaha. Waliingia dukani pamoja, wanawake wawili wanacheka, kifurushi kimebebwa kama keki ya harusi.

Ndani yake mlikuwa na sidii kumi na bahasha nene. Sidii zilikuwa na picha ya Kitwana kibarazani, gitaa pajani, na chini yake majina ya nyimbo zote nane. Sabaha alipitisha kidole juu ya uso wa baba yake. Bahasha Bhagwati aliiweka kando. Barua ni za baadaye.

"Weka, baba mdogo," alisema Sabaha. "Weka mbele yangu."

Jitendra aliweka.

Sijui kama umewahi kusikia kitu ulichokizoea kikiwa kimeoshwa. Wimbo wa kwanza ulipoanza, Bhagwati alishika meza. Kitwana alikuwa pale. Vidole vyake vilisikika vikipanda na kushuka kwenye nyuzi, na kweli kunguru alisikika juu ya bati, kunguru wa miaka kumi na mitatu iliyopita. Watu wawili waliokuwa wakipita njia wakasimama mlangoni, wakavua kofia kama wameingia msibani. Sabaha alilia bila kujificha, akifuta macho kwa mtandio na kucheka wimbo ulipofika pale baba yake alipokosea neno na kulirudia, kosa ambalo kwenye kanda za zamani hakuna aliyewahi kulisikia.

Jitendra hakusikia muziki. Alikuwa anahesabu. Wa tatu. Wa nne. Alitazama mlango, akatazama waya wa umeme, akaomba umeme ukatike, maana umeme wa mji huu hukatika kila siku isipokuwa siku unapouhitaji ukatike. Wa sita. Wa saba. Shati lilikuwa limemgandia mgongoni. "Lala Nakuja" ilipoanza, alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Kitwana akaimba ubeti wa kwanza, akaimba wa pili, akamwambia mtoto alale, anakuja, aache taa. Uzi wa mwisho ukapigwa. Ukatetemeka, ukapungua.

Kisha kimya. Sidii ikaacha kuzunguka.

Vivek alikuwa amekata. Jitendra alivuta pumzi hadi ndani tumboni. Alitaka kumkumbatia kila mtu mle dukani, hata wapita njia. Kwa mara ya kwanza tangu lori liondoke Mnazi Mmoja, alijiona mtu salama.

"Umeona?" alisema kwa sauti kubwa mno. "Safi kabisa!"

Sabaha alikuwa bado ameinamisha kichwa upande, anasubiri.

"Mbona imeisha?" aliuliza.

"Wimbo si umeisha, mwanangu."

"Wimbo ndiyo. Lakini pale mwisho pako wapi?" Alimgeukia Bhagwati kama anayetafuta shahidi. "Kwenye kanda yangu, baada ya wimbo, kuna mtu anaongea, halafu kuna kitu kinaburutwa, nadhani ni kiti, halafu mlango. Ni baba anaondoka, mama. Mimi nikiwa mdogo nilikuwa nasikiliza pale kuliko nyimbo. Niliwaza labda ananiaga. Nilivyosikia kompyuta inasafisha, nikasema Alhamdulillahi, sasa nitasikia alisema nini." Alimgeukia Jitendra. "Kwa nini wamepaondoa hapo tu?"

Jitendra alianza kuzipanga upya sidii zilizokuwa mezani.

"Ngoja," alisema Bhagwati, akachukua bahasha. Alikuwa na nia njema, na nia njema siku hiyo ilikuwa imeamka mapema. Alitoa barua, na pamoja nayo ikatoka kanda moja ndogo. Aliisoma barua kimya kimya, akaanza kumfasiria Sabaha kwa Kiswahili. "Vivek anasema… mjomba aliniambia nikate mwisho, nimekata kama alivyotaka. Lakini sikuwa na moyo wa kutupa. Nimeuweka kwenye kanda hii peke yake, umesafika vizuri, mjomba afanye apendavyo."

Aliposema "kama alivyotaka" sauti ya Bhagwati ilipungua, na alipomaliza hakuinua macho kutoka kwenye karatasi.

"Wewe ulisema wakate, baba mdogo?" aliuliza Sabaha. Hakuwa na hasira. Hakuelewa tu.

Hakungoja jibu. Duka lile alilijua tangu utoto. Aliichukua kanda, akaitumbukiza kwenye mashine ya mezani, akainama na kuweka sikio karibu na spika. "Bonyeza," alimwambia Jitendra.

Sasa nitasema jambo ambalo Jitendra mwenyewe hajawahi kulikana. Aliona mgongo wa ile kanda ilipokuwa inaingia. Vipande viwili vya plastiki vilikuwepo, Vivek hakuvivunja. Maana yake ni kwamba vidole viwili tu, kimoja juu ya kitufe cheusi cha kuchezea na kimoja juu ya chekundu cha kurekodia, vingefuta kila kitu pale pale, taratibu, mbele ya macho yao, na wangesikia kimya tu, naye angesema kanda imeharibika njiani. Kidole chake kilikuwa kimeshagusa chekundu. Kilikaa hapo. Sabaha alikuwa amefumba macho, sikio limeegemea spika, mdomo wazi kidogo, kama alivyokuwa akikaa akiwa na sare ya shule.

Jitendra aliondoa kidole kwenye kitufe chekundu, akabonyeza cheusi peke yake.

Uzi wa gitaa ukatetemeka, ukapungua, ukanyamaza. Kunguru akalia mara moja. Halafu ikasikika, kutoka nyuma ya pazia, wazi kama mtu anayeongea chumba cha pili, sauti ya Jitendra mwenyewe ya miaka kumi na mitatu iliyopita, ikiwa na tabasamu:

"Mali hakuna, mabwana. Kuna mtu tu huko ndani. Hana kazi, hana kitambulisho. Mchukueni huyo."

Gitaa halikuwa linalia. Pazia halikuwa zito. Jitendra alisimama pale na faraja yake ya miaka kumi na mitatu ikimtoka, akangoja kanda ikatike.

Haikukatika. Baada ya maneno yake kulikuwa na kimya kifupi, cha mtu anayevuta pumzi. Kisha ule mlio. Kitu kizito kinasukumwa juu ya sakafu ya saruji, polepole, ili kisipige kelele. Kikasimama. Cha pili kikasukumwa. Kikasimama. Cha tatu. Halafu nyuzi zote za gitaa zikavuma pamoja, kama linavyofanya gitaa likilazwa kitandani. Hatua za watu. Mlango.

Jitendra alikuwa na masikio ambayo hakuna wa kuyashinda, na sehemu hii hakuwahi kuisikia, kwa sababu alivua visikizio mapema. Alitoa sauti fulani, si neno, akakaa chini sakafuni.

Sabaha alinyanyuka taratibu. Hakumsaidia kuinuka.

"Ile ni sauti yako," alisema.

"Ni yangu."

Bhagwati alijifunika mdomo kwa pembe ya sari. Wapita njia wawili waliondoka bila kuaga.

"Na kile kinachoburutwa? Kiti?"

"Chumba kile hakikuwa na kiti." Jitendra aliongea akitazama sakafu. "Ni makasha yangu ya kanda. Yalikuwa matatu, chini ya kitanda alichokalia. Wangeyaona, ningefungwa. Baba yako aliyasukuma ndani kabisa kwa mguu, hadi ukutani, ili wasiyaone."

"Alikuwa amekusikia ulichosema?"

Neno hapana lilikuwa hapo hapo ulimini, lilelile la kila asubuhi. "Alinisikia," akasema.

"Akayasukuma kabla hujasema, au baada?"

Jitendra alijua kwamba Sabaha ameshasikia kwa masikio yake, na kwamba anataka tu yatoke kinywani mwa Jitendra mwenyewe.

"Baada," alisema.

"Baada," alirudia Sabaha, polepole, kama anapima kitambaa kabla ya kukikata.

Alibonyeza kitufe, akaitoa kanda. Juu ya meza kulikuwa na bisibisi ndogo ya kufungulia redio. Aliichukua, akageuza mgongo wa kanda, akavunja kipande cha kwanza, akavunja cha pili, kwa ustadi, kama alivyofundishwa. Vipande vilirukia sakafuni karibu na mkono wa Jitendra. Kanda akaifunga kwenye pindo la mtandio wake. Sidii kumi zinazong'aa, na uso wa baba yake juu yake, aliziacha mezani.

Mlangoni alisimama. Kwa malezi aliyopewa na shangazi yake, hakuweza kuondoka bila kumuaga mtu mzima.

"Kwaheri, mzee Jitendra," alisema, akashuka ngazi ya kibaraza na kuingia kwenye watu wa Narung'ombe.

Tangu alipojua kuongea, hakuwahi kumwita kwa jina.